Uliza Ujibiwe: Karasha la jirani, zebaki uani, na karatasi aliyosaini mwenye leseni

Mwezi huu meseji nyingi zimetoka Kanda ya Ziwa na Chunya, na karibu zote zinarudi hapo hapo, watu wanasema sheria ya mazingira tunaisikia redioni ila machimboni kwetu hatujaiona. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu ndefu kuliko zingine manake ina watoto ndani yake.

*

Shikamoo mzee. Nakaa pembeni ya machimbo mkoa wa Geita, jirani yetu ana makarasha mawili ya kusagia mawe na mwalo wa kuoshea mchanga wa dhahabu, jioni wanachoma dhahabu kwenye jiko la mkaa hapo hapo uani na moshi wote unakuja kwetu. Nina mtoto ananyonya na mwingine wa miaka minne. Nilimwambia akanijibu zebaki ikishapata moto inapotea hewani, halafu akasema yeye ana leseni. Je ni kweli inapotea? Na kama ana leseni mimi nina haki gani?
Mama wa wawili, Geita

Marahaba mwanangu. Haipotei. Zebaki inachemka kwenye nyuzi 357, dhahabu yenyewe hata kuyeyuka inangoja ifike nyuzi 1064, ndo maana ukichoma lile donge la zebaki iliyoshikana na dhahabu, zebaki inatoka inaacha dhahabu peke yake kwenye kikaango, lakini inatoka kwenda wapi? Inageuka mvuke usioonekana wala kunuka, unasambaa, ukipoa unarudi chini ukiwa zebaki ile ile, unatua kwenye mabati yenu, mvua ikinyesha unaingia kwenye pipa mnalokinga maji, unatua kwenye mchicha, unatua kwenye nguo za mtoto zilizoanikwa. Na ule mnaouvuta moja kwa moja unapita kwenye mapafu unaingia kwenye damu na kwenda kwenye ubongo na figo. Mtu mzima unamwanza kidogo kidogo, mikono inatetemeka, usingizi haupo, hasira za ghafla, kusahau. Mtoto ambaye ubongo wake ndo kwanza unajengwa anaumia zaidi, na aliye tumboni anaumia zaidi ya wote manake zebaki inavuka kutoka kwa mama kwenda kwake. Kwenye maziwa nayo inapita, lakini usiache kunyonyesha kwa kusoma gazeti, nenda kliniki, waambie bila kuficha kwamba nyumbani kwenu moshi wa zebaki unaingia kila jioni, wao ndo wakushauri.

Hilo la kuwaambia nalisisitiza kwa sababu. Kaka yangu alichoma dhahabu miaka mingi, ikafika mahali kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili na bado kinamwagika, tukazunguka naye zahanati na hospitali, akapewa dawa za malaria, akapewa za presha, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza mzee unafanya kazi gani. Na sisi hatukusema, tulikuwa hatujui kama ina uhusiano.

Halafu yapo makarasha yenyewe. Watu wanaogopa zebaki wanasahau vumbi. Mawe ya dhahabu mara nyingi yanakuja na madini mengine ndani yake, mengine yana aseniki, mengine yana risasi, hii risasi ya kwenye betri sio ya bunduki. Mwaka 2010 jimbo la Zamfara kule Nigeria watoto wasiopungua 400 walikufa kwa sumu ya risasi, na ilitoka wapi, mawe ya dhahabu yalikuwa yanasagwa majumbani, vumbi likatua uani, watoto wanacheza chini wanaweka mikono mdomoni. Sisemi mwamba wa Geita uko sawa na ule wa Zamfara, nasema kusaga mawe kwenye makazi ni kucheza na kitu ambacho hujakipima.

Sasa kuhusu leseni. Leseni ni ruhusa ya kuchimba sehemu fulani, kipande chenye kona zake na namba zake kwenye mfumo wa Tume ya Madini. Haimpi mtu ruhusa ya kuchomea dhahabu dirishani kwa jirani. Kwanza uliza, hiyo nyumba yake iko ndani ya eneo la leseni? Mara nyingi utakuta leseni iko porini kilomita kadhaa na huku mtaani kajisogezea tu karasha kwa sababu umeme uko karibu, na uchenjuaji, yaani kuitoa dhahabu kwenye mawe, una leseni yake tofauti na ya kuchimba. Pili, mwenye leseni ndogo, hii tunayoiita PML, anatakiwa kabla hajaanza kazi awe na Mpango wa Utunzaji Mazingira, na kwenye huo mpango ameandika mwenyewe na kusaini kwamba zebaki ataitumiaje, majitope atayaweka wapi, mashimo atayafanyaje. Hiyo karatasi ndo nataka wasomaji wote muijue. Ukienda ofisini ukasema jirani ananisumbua na moshi, unaonekana mna ugomvi wa mpaka. Ukienda ukasema naomba tuangalie mpango wake ulisema atachomea wapi, mazungumzo yanabadilika hapo hapo.

Na haki yako haitoki kwenye leseni ya mtu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 4, inasema kila anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kila mtu, mwenye kiwanja na mpangaji. Juu ya hapo kuna Mkataba wa Minamata, umepewa jina la mji wa Japani ambako mwaka 1956 yalianza kutambulika magonjwa ya watu waliokula samaki wa ghuba iliyomwagiwa zebaki na kiwanda. Mkataba umeanza kutumika 2017 na Tanzania tumeuridhia 2020. Kwa wachimbaji wadogo unataja mambo manne ya kukomesha: kumwaga zebaki kwenye mawe yote yaliyosagwa badala ya kuyachuja kwanza ubaki na mchanga mzito kidogo, kuchoma zebaki wazi bila kifaa cha kuinasa, kuchomea kwenye makazi ya watu, na kuweka sayanaidi, ile sumu ya kuyeyushia dhahabu, kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha kuchenjuliwa mara ya kwanza, ambao bado una zebaki. Uani kwa jirani yako mawili kati ya hayo yanafanyika kila jioni.

Ungekuwa binti yangu ningekwambia hivi. Anza na jirani mwenyewe mara moja nyingine, ila nenda na mume au mjumbe wa nyumba kumi, mwambieni kuhusu retorti, ni chungu cha chuma chenye mfuniko na bomba, mvuke unapita kwenye bomba unapozwa na maji na zebaki inarudi kwenye kopo, anaitumia tena, kwa hiyo hata mfukoni anaokoa manake zebaki ananunua kwa hela. Mafundi wa kuchomelea wanazitengeneza. Asiifungue ikiwa ya moto, na hata akiwa nayo bado hapaswi kuchomea kwenye makazi. Akikataa, andika barua. Narudia, andika, usiende kusema kwa mdomo. Weka tarehe na saa ulizoona anachoma, mara ngapi kwa wiki, umbali kutoka mlangoni kwako, umri wa watoto. Barua iende kwa mtendaji wa kijiji na kamati ya mazingira ya kijiji, ipo kisheria hata kama kwenu haijawahi kukaa kikao, nakala kwa Afisa Mazingira wa halmashauri, nakala kwa Afisa Madini Mkazi wa mkoa, nakala ofisi ya kanda ya NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Yako moja wagonge muhuri wa kupokea, ubaki nayo. Barua yenye muhuri ni ngumu kuikana, na mwingine akiandika ya pili na wa tatu akaandika yake, inakuwa faili.

Wakati unasubiri, toa lile pipa la kukinga maji upande wa moshi, osha mboga kwa maji mengi, na jioni wanapochoma peleka watoto kwa bibi yao kama yuko karibu.

*

Mzee habari za kazi. Mimi na wenzangu wanne tuna eneo Chunya tunataka kukata PML halafu tuweke vati za kuchenjulia marudio. Mtu mmoja ametuambia bila EIA ya mamilioni hatuwezi kuanza, mwingine anasema wachimbaji wadogo hawahusiki na mazingira kabisa, tumsikilize nani?
Kijana wa Matundasi

Wote wawili wamewapotosha, kila mmoja kwa upande wake, na nashuku wa kwanza alitaka awe yeye wa kuwaandikia hiyo ripoti.

PML ni ya Mtanzania, inadumu miaka 7 na unaweza kuihuisha, eneo kwa madini kama dhahabu halizidi hekta 10. Kwa kuchimba tu kinachotakiwa ni ule Mpango wa Utunzaji Mazingira nilioutaja hapo juu, una fomu yake, mnajaza hali ya eneo lilivyo kabla hamjagusa, miti, vyanzo vya maji, nyumba za jirani, mashamba, halafu mnaandika mtafanya nini. Ofisi ya madini mkoani watawaelekeza. Msimpe mtu aukopi kutoka kwenye leseni ya mwingine, nimeona mpango wa eneo kame umeandikwa utalinda samaki wa ziwani. Siku mkaguzi akija anaufungua huo huo anaanza kuuliza mstari kwa mstari.

Vati, yale matanki ya kulowekea marudio kwenye sayanaidi, ni habari nyingine. Ukishaleta sayanaidi umeingia kwenye leseni ya uchenjuaji, na hapo mnapita NEMC kwa ajili ya cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira, ndo hiyo EIA. Kanuni zilirekebishwa 2018 na miradi ikagawanywa kwa ukubwa wa athari, kwa hiyo kabla ya kumlipa mtaalamu yeyote nendeni ofisi ya kanda na michoro yenu muulize mradi wetu unaangukia kundi gani, wawaandikie. Mtaalamu awe amesajiliwa, ombeni kuona usajili wake wa mwaka huu. Sayanaidi yenyewe ina vibali vya Mkemia Mkuu wa Serikali, kuinunua, kuisafirisha na kuihifadhi, na maji mnahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde, cha kutumia na cha kutiririsha kama kuna kitakachotoka.

Najua unaposoma hapa unaona ofisi nne na nauli, na ni kweli inachosha, nami naona serikali ingeweka dirisha moja pale pale wilayani mchimbaji mdogo akamaliza yote ingeokoa mazingira kuliko misako mia. Mtu akizungushwa miezi sita anaanza bila kibali, na akishaanza bila kibali anajificha, na anayejificha hamwiti mkaguzi hata vati ikipasuka.

Kitu kimoja kabla hamjamwaga hata mfuko mmoja wa simenti: mita 60. Kifungu cha 57 cha ile Sheria ya Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu ndani ya mita 60 kutoka mto, ziwa, bwawa au chanzo cha maji. Pimeni kwa kamba wakati wa masika sio kiangazi, manake kile kijito kinachokauka Agosti kinarudi Machi kikiwa kimepanuka. Na kama marudio mnayoyanunua yametoka kwenye mialo ya zebaki, ulizeni kwanza mtaitoaje. Sayanaidi inaiyeyusha zebaki inaibeba kwenda mbali kuliko ingefika yenyewe.

*

Mzee, ng'ombe wangu watatu wamekufa kwa siku moja baada ya kunywa maji karibu na vati za mtu huku Kahama. Mwenye vati anasema nithibitishe. Nyama watu wanataka waigawane.
Mfugaji

Nyama isiliwe na mtu wala mbwa, ukiweza weka mtu wa kulinda mizoga usiku.

Halafu wahi, manake hapa saa zinahesabika. Sayanaidi sio kama zebaki ambayo inakaa ardhini miaka, yenyewe jua na hewa vinaivunja, ndo kitu kizuri chake, lakini kwa mtu anayetafuta ushahidi ni kibaya, leo iko, kesho kutwa kipimo kinasoma kidogo. Mwite daktari wa mifugo wa kata au wilaya achukue sampuli kutoka tumboni na kwenye damu, aandike ripoti yenye tarehe. Maji nayo yachukuliwe sampuli na mtu wa serikali sio wewe, usije ukaambiwa uliweka mwenyewe, kwa hiyo toa taarifa polisi upate namba ya taarifa, na Afisa Mazingira wa halmashauri aje na chupa zake, zipelekwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Piga picha, onyesha njia ya maji kutoka vati mpaka pale ng'ombe waliponywa, uzio ulivyo, kama kuna ukuta wa pembeni wa kuzuia maji au hakuna.

Nikueleze vati inavyofanya kazi ili ukibishana naye ujue unachosema. Marudio yanajazwa kwenye tanki la simenti, yanamwagiwa maji yenye sayanaidi, yanatoka chini yamebeba dhahabu, yanapita kwenye kaboni, ni mkaa maalumu, kaboni inaibakiza dhahabu inaenda kwenye ilusheni, yaani mtambo wa kuitoa dhahabu kwenye huo mkaa, maji yanazunguka tena. Chokaa inawekwa ili maji yasiwe na asidi, alama ya pH ikae juu ya 10, manake ikishuka sayanaidi inapanda kuwa gesi na hiyo gesi inaua mtu. Sasa mfumo ambao maji yanazunguka hauna sababu ya kuwa na dimbwi nje. Dimbwi likiwepo maana yake tanki limepasuka, au limejazwa mpaka mdomoni mvua ikamwaga, au kuna aliyefungua kwa makusudi. Yote matatu ni mambo ambayo kwenye cheti chake cha mazingira aliahidi hayatatokea, na uzio wa kuzuia mifugo nao ni sehemu ya ahadi. Mzigo wa kujieleza usiubebe peke yako, mwambie na yeye alete cheti chake, kibali cha Mkemia Mkuu na kumbukumbu za vipimo vyake vya maji. Mwenye kazi safi anazo mezani.

Na tafadhali uliza nani mwingine ananywesha hapo au anachota. Ng'ombe wametangulia kufa kwa sababu wao hawaulizi.

*

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi Tarime. Mgodi wa North Mara ulipigwa faini ya mabilioni 2019. Zile hela wanakijiji walipata? Na kwa nini wasifunge tu?
Mwanafunzi, Nyamongo

Marahaba. Faini ilikuwa shilingi bilioni 5.6, NEMC waliitoza Mei 2019 kwa sababu ya maji kuvuja kutoka bwawa la topesumu, lile tope linalobaki baada ya kuchenjua. Faini inaenda serikalini, ni adhabu. Fidia ni kitu kingine, inadaiwa na aliyeumia, kwa jina lake, na shamba lake, na ushahidi wake. Watu wengi wanachanganya hivi viwili, wakisikia redioni mgodi umetozwa wanakaa kusubiri waitwe, hakuna anayewaita.

Kwa nini kuvuja kunatokea huko mara kwa mara, na 2009 nako maji yenye asidi yaliingia mto Tigithe? Mwamba wa maeneo mengi ya dhahabu una salfa ndani. Ukiwa chini ya ardhi umelala hauna shida. Ukiuchimba ukaurundika juu, hewa na mvua vinaukuta, inatengenezwa asidi, asidi inalamba metali zilizomo kwenye mawe inaziingiza kwenye maji, na hii haikomi siku mgodi unapofungwa, inaweza kuendelea miaka mingi. Kwa hiyo swali lako la kufunga lina jibu chungu, ukifunga leo na kuondoka, mlima wa mawe unabaki unanyeshewa na hakuna wa kusukuma yale maji. Ndo maana sheria inataka mgodi mkubwa uwe na mpango wa kufunga na uweke dhamana ya kukarabati mapema, wakati dhahabu bado inatoka. Buzwagi kule Kahama uzalishaji ulikoma 2021 na tangu hapo wanarekebisha eneo, nendeni mkajifunze mkipata safari ya shule.

Mabwawa ndo yananinyima usingizi. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la mgodi wa almasi Mwadui, Kishapu, ulipasuka, tope likafunika mashamba na nyumba, Mungu alisaidia hakuna aliyekufa. Februari 2025 huko Zambia bwawa la mgodi wa shaba karibu na Chambishi lilipasuka asidi ikaingia kwenye maji yanayoenda mto Kafue, samaki wakafa. Faini baada ya ukuta kupasuka haimrudishii mtu shamba. Kinachosaidia ni vipimo vya kila mwezi kabla ya kupasuka, kina cha maji bwawani, ubora wa maji kwenye visima vya pembeni. Hivyo vipimo vinachukuliwa, vimeandikwa kwenye ripoti ya tathmini ya mgodi kwamba vitachukuliwa, kwenye sura ya mpango wa usimamizi wa mazingira kuna jedwali linasema kipimo gani, wapi, mara ngapi. Mimi nataka lile jedwali na majibu yake yabandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi za vijiji, kwa Kiswahili. Wewe ni mwanafunzi, kusoma unajua. Nenda na mwenyekiti wako wa kijiji NEMC mkaombe kuisoma ile ripoti, tathmini ya mazingira imewekwa ili wananchi waione na waseme. Chukua daftari.

*

Mashimo ya wachimbaji yaliyoachwa karibu na shule, wenyewe wamehama, tumwambie nani?
Mwalimu, Kahama

Afisa Madini Mkazi, ana ramani ya leseni, atajua shimo ni la nani hata kama kahama, na kulirudishia ni jukumu la mwenye leseni. Kama halina mwenyewe, halmashauri. Ila leo hii, kabla ya barua, wazazi waje na miiba na magogo wazungushie, watoto wanapita hapo asubuhi giza bado halijaisha.